Air au X1 Carbon: Laptopu Ipi Inamfaa Mtu wa Olbalbal?

Kata ya Olbalbal ipo ndani ya Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, chini ya miteremko inayotazama Serengeti, kwenye bonde ambako maji ya Korongo la Oldupai huishia. Milima ya kreta huyazuia mawingu ya mashariki, ndiyo maana kule juu ukingoni watu huvaa makoti mchana huku Olbalbal jua likiwaka. Mvua ikinyesha bonde hujaa tope. Ikikatika, udongo huwa unga. Wapo huko walimu, wahudumu wa afya, watendaji, waongoza watalii, wanafunzi wa vyuo wanaorudi likizo, na watafiti wanaopiga kambi karibu na korongo. Wengi wao hufika siku moja kwenye swali lile lile: fedha ya mashine moja nzuri ipo, nyepesi, ya kukaa nayo miaka mitano au sita. Ninunue ipi?

Kwa anayetafuta laptopu ndogo ya daraja la juu, mabishano mengi huishia kwenye majina mawili. Moja ni MacBook Air ya Apple yenye skrini ya inchi 13. Jingine ni ThinkPad X1 Carbon ya Lenovo, inchi 14. Uhakiki wa mashine hizi umejaa kila mahali, lakini waandishi wake wana soketi ukutani, intaneti ya waya na duka la matengenezo mtaa wa pili. Ukiichukua hukumu yao kama ilivyo unaweza kununua mashine nzuri isiyokufaa. Olbalbal kuna mambo matatu yanayotangulia kasi ya prosesa: umeme unatoka wapi, vumbi linaingia wapi, na fundi yuko wapi.

Tuzitazame zenyewe kwanza. Air ilibadilika kabisa Novemba 2020, Apple ilipoachana na prosesa za Intel na kuweka ya kwake, M1. Julai 2022 ikaja M2 yenye umbo jipya na uzito wa kilo 1.24, Machi 2024 ikafuata M3, na Machi 2025 M4. Hiyo M4 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 999, ikiwa na RAM ya GB 16 na hifadhi ya GB 256. X1 Carbon ipo tangu 2012, katika ukoo wa ThinkPad ulioanzishwa na IBM mwaka 1992 na kuhamia kwa Lenovo mwaka 2005. Mfuniko wake ni wa nyuzi za kaboni, na uzito umekuwa ukipungua: toleo la 9 la mwaka 2021 lilikuwa na kilo 1.13 hivi, na toleo la 13, lililotangazwa 2024, likashuka chini ya kilo moja. Hilo la 13 lilitangazwa kwa bei inayokaribia dola 2,000, mara mbili ya Air. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu X1 Carbon nyingi zinazofika mikononi mwa watu wa kwetu si mpya. Ni mashine za makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba zilizotumika miaka mitatu au minne kisha zikauzwa kwa mafungu.

Yupo atakayeuliza kuhusu Dell XPS 13. Ni nzuri kwa macho, lakini tangu 2022 imebaki na matundu mawili tu ya USB-C, hata la headfoni halipo, na bado ina feni. Yaani imechukua uchache wa matundu wa Air na feni ya ThinkPad kwa pamoja. Kwa Olbalbal siioni sababu yake, naiacha hapa.

Umeme ndio penye hesabu nzito. Katika maboma mengi, na hata kwenye baadhi ya nyumba za watumishi, umeme ni wa sola: paneli juu ya bati, kidhibiti chaji ukutani, betri ya volti 12 sakafuni, na inveta kwa vitu vinavyotaka volti 230. Chukua mfumo wa paneli ya wati 100 na betri ya Ah 100. Kwa maandishi betri hiyo ina wati-saa 1,200, lakini betri za risasi hufa mapema zikikaushwa kupita nusu, kwa hiyo za kutumia ni 600. Paneli nayo, hata kwa jua la huku, hurudisha labda wati-saa 350 hadi 400 kwa siku njema, ukishaondoa vumbi lililolala juu yake, joto na upotevu wa njiani. Humo humo wamo taa, simu za familia na za majirani, redio, na pengine televisheni.

Sasa ongeza laptopu. Apple inatangaza kwamba Air ya M4 hudumu saa 15 ikiperuzi kwa Wi-Fi, na betri yake ni ya wati-saa 53.8. Ukigawanya unapata chini ya wati 4. Matangazo ni matangazo. Pandisha mwanga wa skrini, fungua kurasa kadhaa kwa pamoja, uhesabu wati 5 au 6. X1 Carbon za Intel za 2021 hadi 2023 zina betri ya wati-saa 57, lakini kwa kazi hiyo hiyo makadirio yangu ni wati 8 hadi 10, na hupanda zaidi prosesa ikichangamka. Kwa siku ya kazi ya saa nane, Air inataka kama wati-saa 45 na X1 hiyo kama 70. Mjini tofauti ya wati-saa 25 haina mwenye kuihesabu. Hapa ni taa mbili za LED za wati 3 zikiwaka kwa saa nne jioni, kila siku, mwaka mzima. Anayenunua laptopu huku ananunua na umeme wake, na mashine yenye njaa huja kudai paneli ya pili.

Inveta huiharibu hesabu zaidi. Ya bei rahisi ikiwashwa tu hula wati zake kadhaa bila kazi yoyote, kisha hupoteza sehemu nyingine ikipandisha umeme hadi volti 230, halafu chaja ya laptopu inaushusha tena hadi 20. Ni hasara mara mbili. Njia bora ni chaja ya gari ya USB-C inayochukua volti 12 za betri moja kwa moja. Mashine zote mbili zinakubali, kwa kuwa zote huchajiwa kwa USB-C, ila tabia zao zinatofautiana. Air huridhika na wati 30, na hata chaja ndogo ya simu huijaza, polepole. ThinkPad huja na chaja ya wati 65 na hupenda volti 20. Ile chaja ya gari ya wati 18 inayotembezwa stendi haiifanyi kitu. Tafuta iliyoandikwa 20V na wati 65, uweke fyuzi kwenye waya wake, na uijaribu Karatu au Arusha kwenye betri ya gari kabla ya kuondoka nayo.

Kuna faida nyingine ya mashine inayokula kidogo ambayo wahakiki wa mijini hawana haja ya kuifikiria. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri paneli huweza kuzalisha kuliko betri inavyoweza kupokea, betri ikishakaribia kujaa. Umeme wa ziada unapotea bure. Laptopu ikichajiwa muda huo, halafu ikafanya kazi usiku kwa betri yake yenyewe, ile betri ya sakafuni haiguswi. Air inaweza kuishi hivyo siku baada ya siku. X1 Carbon ya zamani, ambayo betri yake imeshachoka kidogo, itakuomba waya saa tatu usiku.

Haki itendeke kwa Lenovo, hata hivyo. Toleo la 13 linatumia prosesa za Intel Core Ultra za mfululizo wa pili, zilizotoka Septemba 2024 na kutengenezwa makusudi kwa ajili ya kupunguza matumizi ya umeme. Kwa mashine hiyo pengo na Air limepungua sana. Tatizo lake ni zile dola 2,000.

Kuhusu vumbi, Olbalbal ina lake lisilofanana na la Dodoma wala la Shinyanga. Udongo wa nyanda hizi ni majivu ya volkano yaliyorundikana kwa muda mrefu mno, mengine kutoka milima iliyokwisha kuzimika, mengine kutoka Ol Doinyo Lengai, ambao mlipuko wake wa 2007 na 2008 ulimwaga majivu mbali. Karibu na Oldupai upo ule mlima mweusi wa mchanga unaohama, unaosukumwa na upepo takriban mita 17 kwa mwaka. Waongoza watalii hupenda kuwaonyesha wageni kitu kimoja pale: ukishika sumaku, mchanga unaing'ang'ania, kwa kuwa una chembe za chuma.

Sasa tazama tundu la chaji la Air kuanzia M2. Linaitwa MagSafe, na waya wake hushikwa kwa sumaku ili mtu akijikwaa utoke bila kuangusha mashine. Wazo zuri sana sebuleni. Kwa vumbi la chuma, sumaku hiyo inakusanya ndevu nyeusi kwenye pini za waya na ndani ya tundu, na usipozifuta zinaweza kuzuia chaji au kuunguza mguso. Bahati nzuri Air hizo hizo huchajiwa pia kwa matundu yake ya USB-C, yasiyo na sumaku. Ushauri wangu kwa mtu wa Olbalbal ni kuuacha waya wa MagSafe ndani ya boksi na kuliziba tundu lake kwa kipande cha utepe. Air ya M1 haina MagSafe kabisa, na kwa mara moja upungufu umegeuka neema.

Feni ndiyo mlango mkubwa wa vumbi, na hapa Air inashinda bila ubishi: tangu M1 haina feni. Hakuna kinachovuta hewa ndani. X1 Carbon huvuta hewa kwa chini, na ukiiweka juu ya blanketi au meza yenye vumbi inajilisha yenyewe. Miezi ikipita mapezi ya kupoza huziba, feni hupiga kelele, mashine hupunguza kasi na betri huliwa haraka. Lakini X1 inafunguka. Nyuma ina skrubu chache za msalaba, za bisibisi ya kawaida, na Lenovo huweka wazi mwongozo wa kuifungua ambao mtu yeyote anaweza kuusoma. Fundi mwenye brashi laini na pampu ya hewa anaisafisha kwa nusu saa. Kwa kiangazi cha huku, ifanyike kila baada ya miezi sita.

Kukosa feni nako kuna gharama. Kazi nzito ikiendelea dakika nyingi mfululizo, kama kutoa video ndefu, Air hupata joto na kujipunguza mwendo. Apple yenyewe inaiandikia joto la mazingira la kati ya nyuzi 10 na 35. Ndani ya gari lililofungwa juani mipaka hiyo imeshavukwa, na betri ya lithiamu ya mashine yoyote ile huzeeka kwa joto kuliko kwa kitu kingine. Usiiache garini, iwe Air iwe X1.

Kibodi nazo zina historia. Kati ya 2018 na 2019 Air ilitoka na vitufe vyembamba vya mfumo wa kipepeo, ambavyo chembe moja ya vumbi iliweza kukwamisha herufi nzima. Malalamiko yalijaa dunia nzima, Apple ikalazimika kuanzisha mpango wa matengenezo ya bure, na Machi 2020 ikaurudisha mfumo wa zamani. Mashine hizo bado zinauzwa mitumba kwa bei ya kuvutia. Kuipeleka moja Olbalbal ni kuitupa. X1 Carbon upande huu ndiyo mfalme: vitufe vina kina, vimetengenezwa kustahimili kumwagikiwa kidogo, na ile nukta nyekundu katikati hukuwezesha kusogeza mshale hata vidole vikiwa na vumbi. Chai ya maziwa ikimwagika juu ya Air, omba dua.

Mashine zote mbili zina adui mmoja wasiyemwona: punje ya mchanga iliyobaki juu ya kibodi wakati mfuniko unafungwa. Skrini za sasa ni nyembamba na pengo halipo, kwa hiyo punje hukandamizwa kwenye kioo barabara nzima ya kutoka lango la Lodoare, na ile barabara ya changarawe inajulikana. Futa kabla ya kufunga. Mtikisiko wenyewe siku hizi hauna madhara kwa data, kwa kuwa hifadhi za SSD hazina kitu kinachozunguka.

Nje penye mwanga, skrini ya Air ni angavu zaidi, niti 500, lakini inang'aa kama kioo cha dirisha na utajiona uso. X1 Carbon nyingi zina niti 400 na skrini isiyoakisi. Chini ya mgunga wenye kivuli chembamba napendelea ya pili. Juani kabisa zote zimeshindwa, usidanganywe na muuzaji.

Tukija kwenye kazi yenyewe, mfumo wa uendeshaji si tena kikwazo kama zamani. Mifumo mingi ambayo mtumishi wa serikali anatakiwa kuingia, kama ESS ya watumishi, PEPMIS ya tathmini ya utendaji au NeST ya ununuzi, hufunguka kwenye kivinjari, na kivinjari hakijali kama chini yake kuna Windows au macOS. Word na Excel zipo kwa zote. Kinachobaki ni programu chache za Windows tu, na huwa za lazima kwa wachache: ArcGIS Pro kwa wachora ramani, Microsoft Access kwa ofisi zenye kanzidata za zamani, baadhi ya programu za uhasibu. Ramani unaweza kuzichora kwa QGIS, ya bure na inayokwenda kwenye mifumo yote miwili, lakini mradi ukidai faili la ArcGIS Pro hakuna ubishi. Mtu wa namna hiyo asinunue Air.

Upo upande wa pili usiosemwa. Ofisi zetu zinaishi kwa flashi, na flashi zinaishi na virusi, vile vinavyogeuza mafaili yote kuwa njia za mkato. Virusi hivyo vimeandikwa kwa Windows. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye Air havifanyi kitu. Tatizo ni kwamba huwezi kuichomeka. Air ina USB-C mbili tu, na flashi ya kawaida, projekta ya HDMI ya shuleni na printa ya waya vyote vinadai adapta. X1 Carbon ina USB za kawaida mbili na HDMI juu ya USB-C zake mbili. Mwalimu anayeonyesha somo kwa projekta, au mtendaji anayepewa faili dakika tano kabla ya kikao, ataiona tofauti wiki ya kwanza. Adapta ikipotea Olbalbal, nyingine iko ng'ambo ya kreta. Mpiga picha asitafute tundu la kadi ya kamera: halipo kwa yoyote kati ya hizi.

Mtandao huku hutafutwa kwa kupanda mwinuko. Watu wengi hutumia simu kama hotspoti, na bando likiisha au simu ikizima, kazi imesimama. X1 Carbon baadhi hutoka kiwandani na tundu la laini ya simu na antena zake, ukaweka laini moja kwa moja. Air haijawahi kuwa nayo. Uliza kabla ya kununua, kwa sababu iliyotoka bila antena haifai kuongezewa baadaye. Ni faida, lakini nisingeilipia sana. Simu unaweza kuining'iniza juu ya mti palipo na mtandao ukakaa chini na laptopu.

Watafiti nawatenga. Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus pale Oldupai Julai 1959, kumbukumbu za uchimbaji zilikuwa madaftari, ramani za mkono na picha za filamu. Siku hizi mamia ya picha huunganishwa na programu ili kupata umbo la pande tatu la shimo au la mfupa, na kazi hiyo inataka kadi ya michoro yenye nguvu. Laptopu za kilo moja hazikuundwa kwa hilo. Air au X1 itaandika ripoti. Mashine ya kuunganisha picha iwe nyingine, kubwa, yenye feni mbili na jenereta yake.

Turudi kwenye fedha, maana ndipo wengi wanapoumia. Air ya dola 999 ikifika rafu ya duka la Arusha imeshabeba usafiri, kodi na faida. Hifadhi yake imegandishwa kwenye bodi, na RAM pia. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozeeka nacho. Kwa M4, Apple ilidai dola 200 kutoka GB 256 kwenda 512. X1 Carbon nayo RAM yake imegandishwa, lakini SSD ni ya kuchomoa: unanunua ndogo, mwakani unaweka kubwa, na bodi ikiungua mafaili yako unaondoka nayo mkononi. Betri yake hushikwa na skrubu tu. Hizo ni sababu nzito kwa mtu ambaye fundi wake wa karibu yuko Karatu na duka lenye vipuri liko Arusha, kilomita 140 hivi mbele zaidi. Air inafungwa kwa skrubu za umbo la nyota zinazotaka bisibisi yake, na Apple haina duka lake lenyewe popote Afrika. Skrini ya Air ikipasuka, jiandae kwa bei inayokaribia ya mashine iliyotumika.

Ukiamua kununua iliyotumika, na wengi wetu ndiko tunakoelekea, kila mashine ina mtego wake. Wa Air ni kufungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza au na kampuni iliyoinunua. Muuzaji anaweza kukuonyesha mashine inayowaka vizuri, ukiifuta inadai nenosiri la mtu aliye Ujerumani. Sharti: ifutwe mbele yako, iunganishwe na intaneti, na ianze upya hadi ukurasa wa mwisho bila kudai akaunti ya mtu mwingine. Halafu fungua taarifa za mfumo, sehemu ya umeme, usome mizunguko ya betri. Apple huipa betri ya Air mizunguko 1,000. Air yoyote ya Intel iache. Mfumo wa macOS 26 wa mwaka 2025 hauzikubali tena.

Mtego wa X1 Carbon ni nenosiri la BIOS. Washa mashine ukibonyeza F1. Ikidai nenosiri la msimamizi, irudishe mezani, kwa kuwa kuliondoa si kazi ya kuflashi Windows. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri na ulinganishe uwezo wa betri wa kiwandani na wa leo. Angalia pia toleo. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na X1 Carbon ya toleo la 5 kurudi nyuma haikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Toleo la 6 la 2018 linakubaliwa, lakini ningeanzia la 9, lenye skrini ndefu zaidi na prosesa isiyochoka mapema. Windows halali ya mashine hizi kwa kawaida imehifadhiwa ndani yake, hivyo fundi asikuuzie "uanzishaji" wa wizi.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye fedha ya mashine mpya, ambaye kazi yake ni kuandika, kuingia kwenye mifumo ya mtandaoni, kuhariri picha za kiasi na kusoma, achukue Air ya M4 yenye GB 16, aongeze adapta mbili za akiba na diski ya nje. Kwa sola na kwa vumbi hakuna inayoikaribia kwa bei yake. Akiwa na fedha pungufu, Air ya M1 iliyotumika bado ni mashine ya heshima mradi ipite mtihani wa kufutwa. Anayetegemea ArcGIS Pro, projekta na flashi kila siku, au anayetaka mashine ambayo fundi wa Karatu anaweza kuifungua, achukue X1 Carbon ya toleo la 9 au la juu zaidi, iliyotumika, na atenge fedha ya betri mpya na ya paneli ya pili tangu mwanzo. X1 Carbon mpya kwa dola 2,000 siishauri kwa mtu wa huku anayelipa mwenyewe; mwajiri akikupa, ipokee kwa mikono miwili.

Na dukani usikubali kutajiwa bei ya dola: kanuni zilizoanza Machi 2025 zinataka bei za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi. Dai risiti ya EFD, hakikisha namba ya mfululizo (serial) ya mashine imeandikwa na inafanana na iliyo chini ya laptopu, na uitafute namba hiyo kwenye tovuti ya Apple au Lenovo kabla ya kulipa. Fanya hayo yote ukiwa bado Arusha.